Mdomo wa Marehemu

"Laki tatu? Kwa kidude kinachoingia mfukoni? Shemeji, unaniuzia chuma au unaniuzia msiba?"

"Nakuuzia ulichokuja kununua," mjane akajibu, wala hakuinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

Kifua alisonya. Waliompa jina hilo walimsikia akipuliza saksafoni, naye akadhani ni sifa. Kuna wapigaji wanaoamini chuma kitawapa kile walichonyimwa mapafuni. Yeye alikuwa wa kwanza kuwacheka, na wa kwanza kwenda kununua.

Mezani kulikuwa na midomo mitatu ya saksafoni ya marehemu mumewe, vile vipande vya kupulizia. Mmoja wa plastiki nyeusi. Akausukuma kando, huo wa wanafunzi. Wa pili uling'aa kama jino la tajiri. Akaupachika, akaupuliza, ukalia kama mbuzi mgonjwa. Mapambo matupu. Wa tatu ulikuwa wa chuma kilichopauka. Aliupuliza mara moja tu, vioo vya kabati vikatetema.

Jumamosi kiongozi wa bendi angemsikiliza, aone kama anafaa kukalia kiti cha marehemu. Miaka tisa Kifua alikuwa akikitamani kiti kile. Hakutaka mjane ajue.

"Huo una sharti," mjane akasema. "Noti ya mwisho usiimalize. Ikate mapema. Mume wangu aliikata kila siku."

Kifua akacheka hadi akashika mbavu. Bendi nzima ilikuwa ikimdhihaki marehemu kwa tabia hiyo, kumaliza wimbo kama mtu aliyepigwa kofi.

"Aliikata kwa sababu alikuwa na mapafu ya kifaranga. Laki mbili na nusu, na sharti lako baki nalo."

Mjane akapokea. "Naye alicheka hivyohivyo," akasema, "siku aliyouziwa na mjane mwenzangu."

Nyumbani, Kifua alibandua kiraka cha mpira kilichokuwa juu ya mdomo ule, pale meno ya juu yanapokaa. Kilikuwa na alama za kung'atwa, jino moja limevunjika pembeni. Uchafu! Akausugua mdomo wote kwa sabuni na spiriti, akabandika kiraka kipya. "Hakuna mzimu unaoishinda sabuni," akamwambia mkewe.

Jumamosi, saa nane mchana. Ukumbi umejaa jua, feni zinazunguka. Kifua akapiga wimbo hadi kiongozi akaweka kalamu chini. Ikaja noti ya mwisho. Akamkonyeza mpiga ngoma, akaishikilia.

Akaishikilia.

Ikatosha. Akataka kuacha.

Haikuacha.

Akaachia vidole. Ikalia. Akatoa kinywa. Ikalia. Hewa ilimtoka puani yenyewe, taratibu, kama uzi unaofumuliwa kwenye nguo.

"Kifua," mpiga ngoma akanong'ona, "nani anapuliza?"

Ndipo ikakatika ghafla. Kama mtu aliyepigwa kofi.

"Kiti ni chako," kiongozi akasema. Kifua alitaka kushukuru. Hakuwa na hewa ya kushukuria.

Tangu siku hiyo, mkewe anaapa, alizungumza maneno mawili mawili. Ngazi sita za mlangoni akazipanda kwa vituo vitatu. Usingizini kifua kilishuka, kikachelewa kupanda. Kikachelewa zaidi.

Jumanne asubuhi akafungua droo. Mdomo haukuguswa tangu Jumamosi. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na mate. Na kwenye kiraka kipya palikuwa na alama za meno, moja limevunjika pembeni.

Akapitisha ulimi kwenye meno yake. Yote mazima.

Mjane alikuwa palepale, cherehanini. Kifua akauweka mdomo mezani, akashika ukingo wa meza asianguke.

"Hela zako nimeshanunulia vitambaa," mjane akasema.

"Sitaki... hela."

Cherehani ikasimama. Katika kimya kile, kitu kikavuta hewa. Si Kifua. Si mjane. Kilivuta kwa raha, kikaishusha, kikavuta tena, kama mtu aliyelala baada ya kushiba.

Mjane hakushtuka. Alivuta tu kiti chake nyuma, mbali na meza.

Kifua akakiinamia kile chuma hadi midomo yao ikakaribiana.

"Rudisha... pumzi yangu."