Nipe Ile Maji Ingine

Mdogo wangu Natacha alikuwa daktari, na haya yalimpata yeye. Siku yenyewe ilianza vizuri. Tulikunywa chai kibarazani kwetu Kagugu, akanicheka kwa kuunguza mkate, kisha akapanda pikipiki kwenda kazini.

Mchana hospitali yake ilipokea wanawake wawili wenye shida moja: maambukizi yameingia kwenye damu, presha imeanguka, mikono baridi kama chuma. Mmoja alikuwa Nyiramana, mshonaji wa Busanza aliyetoka kujifungua. Wa pili alikuwa Mukarugwiza, bibi ambaye mwanawe ni mkubwa serikalini.

Wagonjwa wa namna hiyo huwekewa dripu haraka, tena nyingi. Maji ya chumvi yalikuwa tele stoo. Lakini maji hayo yakiingia mengi mno, damu huanza kuchachuka na figo huelemewa. Yale mengine, Ringa, ni mapole zaidi, ila siku hiyo zilibaki chupa za kumtosha mtu mmoja tu. Natacha hakusita. Figo za bibi zilikuwa nzima. Za Nyiramana zilikuwa zimeanza kugoma, mkojo hautoki. Akamtundikia Nyiramana Ringa.

Gatera, mkuu wa wodi, akaingia. Akatazama chupa, akatazama kitanda cha pili alikolala bibi.

"Hizo Ringa ziende kwa yule mukecuru."

"Dogiteri, huyu figo zake..."

"Unajua mwanawe ni nani?" Gatera alinong'ona. "Itoe."

Natacha akaitoa. Aliniambia mwenyewe: mikono iliyoitoa ilikuwa yake, si ya Gatera.

Nyiramana alikuwa bado ana fahamu. Aliona chupa ikihama.

"Muganga, maji yangu mbona imeenda kwa ule?"

"Yote ni maji, mama. Tulia."

"Nipe ile ingine."

Aliendelea kuomba mpaka ulimi ukawa mzito. Wakamwekea dawa za maambukizi, dawa ya kupandisha presha, na maji ya chumvi, chupa juu ya chupa. Kope zikavimba. Pete ikazama kwenye nyama ya kidole. Alihema kama mtu anayepanda mlima mbio, na kabla jua halijazama akakata roho. Mumewe, Silvère, aliambiwa ugonjwa ulikuwa mkali. Akaushika mkono wa Natacha kwa mikono yake miwili, akamshukuru.

Bibi alipona. Familia yake ikampa Gatera ng'ombe.

Jumapili baada ya misa, mchana kweupe, Natacha alikuwa akichambua mboga jikoni. Akainua kichwa ghafla.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Kuna mtu amesema hapa." Akagusa sikio lake. "Nipe ile ingine."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi mpaka kwenye kiwiko.

Kisha sauti hiyo ikahamia kazini. Kila aliyemtundikia dripu alifumbua midomo na kuomba kwa sauti ileile. Wazee. Watoto. Hata mwanamume aliyelazwa usingizi wa upasuaji. Wauguzi hawakusikia chochote. Natacha alimwendea Gatera, akamweleza yote. Gatera akamwambia apumzike.

Akaacha kazi. Akashinda nyumbani akinywa maji, jagi baada ya jagi, na kiu haikuisha. Kope zake zikaanza kuvimba. Tukampeleka kupimwa. Figo nzima. Damu safi. Vipimo vyote safi.

Alasiri moja nilirudi kutoka sokoni. Chumba chake kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Nikasikia sauti mbili.

"Hayapo," mdogo wangu alikuwa akilia. "Nakuapia, hayapo."

Nyingine ilikuwa ya upole. Ya mtu mwenye adabu zake.

"Nitangoja tu, muganga."

Nikaita. Nikagonga. Nikauvunja mlango kwa bega.

Natacha alikuwa kitandani, peke yake. Dirisha limefungwa. Macho wazi. Amekufa.

Gatera alikuja mazishini. Alizungumza vizuri sana kuhusu moyo wa kujitolea, watu wakalia. Silvère naye alikuja, amembeba mtoto mgongoni, akanipa pole na kusema mdogo wangu alimhangaikia mkewe mpaka mwisho. Nilimtazama Gatera akinawa mikono baada ya maziko, akiifuta taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaingia kwenye gari lake. Yeye analala vizuri. Nimeuliza.

Nyumbani kwetu hapajawahi kuwa na sindano wala dripu. Lakini tulipomwosha Natacha, mimi na shangazi Médiatrice, tulikuta plasta iliyolowa nyuma ya mkono wake wa kushoto, imebandikwa kwa ustadi, na chini yake tundu jipya la sindano.

Shangazi alitaka tuichome moto ile plasta. Mimi niliificha. Nimeianika juani, nimeipiga pasi, nimeiweka karibu na jiko la makaa.

Haijakauka mpaka leo.