Mapazia ya Mteja

Kila asubuhi mke wa dobi alichungulia dirisha la jirani yake, na kila asubuhi roho ilimuuma. Jirani alikuwa na mapazia mazito yenye maua. Dirisha lake yeye halikuwa na hata kitambaa.

"Hatuna haya?" alimwambia mumewe. "Dirisha liko uchi!"

Dobi alikuwa anapiga pasi. Akacheka. "Dirisha halisikii baridi, mama watoto."

Yeye hakucheka. Wivu, jamani! Hata chai yake aliiacha ikapoa.

Siku moja Mwalimu, mteja wao wa miaka mingi, alileta mashati na mapazia. Mapazia yale yalikuwa mazuri kuliko ya jirani! Mke wa dobi akayafua, akayakausha, akayanyoosha. Kisha akayatundika dirishani kwake.

"Mali ya mteja haichezewi," dobi akaonya.

"Ni leo tu. Na yule aone!"

Jirani aliona kweli. Akaja mbio. "Makubwa haya! Hongera, mwenzangu!" Akaketi kwenye benchi, kama kawaida yake ya kila siku, huku mke wa dobi amevimba kichwa.

Lakini chumba kilikuwa giza. Dobi akapiga pasi shati jeupe la Mwalimu bila kuona doa la chai kwenye kola. Pasi ya moto ikalikaza doa palepale.

Mara Mwalimu akafika. Akaganda mlangoni. "Hayo si mapazia yangu?"

Akachukua shati, akaona kola. "Na doa pia? Basi nitatafuta dobi mwingine."

Dobi akainamisha kichwa. Mke wake alitamani ardhi impasukie.

"Kosa ni langu, Mwalimu," akasema. "Nilimwonea wivu huyu jirani. Nikatundika mali yako ili nimkoge."

Jirani akashika kifua. "Unionee wivu mimi? Mapazia yangu siyafungui, naogopa jua litayapausha. Nashinda gizani! Unadhani hapa kwako nafuata nini kila siku? Mwanga!"

Mwalimu akavuta pazia. Mwanga ukajaa mezani, na doa likaonekana wazi.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Dobi anahitaji mwanga. Ukitamani cha mwenzako, jiulize kwanza: kwangu kitafanya kazi gani?"

Mke wa dobi akayashusha mapazia, akayafua upya. Shati akaliloweka, akalisugua kola taratibu, akalirudia mpaka doa likatoka. Akampelekea Mwalimu mwenyewe, akaomba radhi tena. Mwalimu akakagua kola juani, pande zote. Halafu akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo chafu.

Nyumbani alimkuta jirani anamsubiri na mapazia yake mkononi.

"Nifulie haya. Wala usiyaharakishe."

"Ila hapa hayatundikwi!" akajibu, wakacheka wote.

Wivu haukuisha siku hiyo. Kesho yake asubuhi mke wa dobi alichungulia tena ng'ambo, kwa mazoea. Dirisha la jirani lilikuwa wazi. Jirani alikuwa anakunywa chai juani, akampungia mkono.