Gundi ya Chumba cha Nyuma

Sauti ile ilianza mchana kweupe, saa ambayo hata mbwa wa jirani hujilalia. Bi Sakafu alikuwa jikoni akikoroga uji wa mwanawe. Chwata. Kimya. Chwata. Ilikuwa sauti ya miguu mitupu ikibanduka kwenye sakafu yenye gundi, taratibu, mmoja baada ya mwingine, nayo ilitoka chumba cha nyuma ambamo hamkuwa na mtu.

Jina hilo la Bi Sakafu alipewa na wenzake kazini, maana alisafisha sakafu za maofisi na kumbi, na hapakuwa na uchafu uliowahi kumshinda. Lakini mganga hajigangi. Nyumba waliyohamia ilikuwa na chumba kimoja chenye zulia lililogandishwa chini kwa gundi, ukuta hadi ukuta. Lilinuka. Mumewe, kabla hajasafiri na lori lake, alilibandua kwa pupa, akaacha utando mweusi ulionata sakafu nzima.

"Malizia wewe, Mama Kibonge, si ndiyo fani yako?" akasema akicheka, akapanda lori.

Naye alitaka kumaliza upesi. Kibonge alikuwa ametimiza mwaka na nusu hajasimama, na watoto wa rika lake walikuwa wanakimbizana. Chumba kile kilikuwa kipana, chenye mwanga. Alitaka kiwe uwanja wa mwanawe wa kujifunzia kutembea. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu, amwone Kibonge akipiga hatua.

Aliweka mwiko chini, akaenda kuchungulia. Kwenye ule utando palikuwa na nyayo ndefu, nyembamba, zisizo na alama ya kisigino. Zilitoka ukuta wa mbali, zikakomea katikati ya chumba. Zilielekea mlangoni.

Akarudi sebuleni, alikokuwa mama mkwe wake amempakata Kibonge. Macho ya bibi huyo yalikuwa yameingia ukungu. Watu aliwaona kama vivuli tu.

"Mama," akanong'ona, "kuna mtu kaingia chumba cha nyuma?"

"Na macho yangu haya, utaniuliza mimi?" Bibi akacheka, kisha akashusha sauti. "Ila nimesikia. Nilidhani ni wewe. Hebu niambie, mwanangu, gundi ya zulia hupakwa chumba kizima namna ile?"

"Hupakwa pembezoni tu."

"Basi aliyeimwaga hakuwa anashikisha zulia."

Bi Sakafu aliogopa, tena sana. Lakini alijiambia kwamba gundi ikitoka, nyayo nazo zitatoka. Akavaa glavu, akamwaga mafuta ya kula juu ya ule utando ulegee, akachukua kisu butu cha kukwangulia. Kila anayefanya kazi ile anajua kwamba unaanzia ukuta wa mbali, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni, usije ukakanyaga ulipokwisha kusafisha. Siku hiyo hakuthubutu. Angefika ukutani, nyayo zile zingekuwa kati yake na mlango. Akaanzia mlangoni.

Akakwangua, akapangusa kwa tambara la maji ya moto na sabuni, akasogea, akakwangua tena, na kadiri sakafu ilivyong'aa ndivyo harufu ilivyozidi, si ya mafuta wala ya gundi bali ya nywele mbichi zilizofungiwa mahali kwa miaka, na kila alipotua kuvuta pumzi alisikia mbele yake, karibu kuliko mwanzo, chwata, na unyayo mpya ukawa umejichora pale gundi ilipolegea, naye badala ya kukimbia akainamisha kichwa asiuone, akazidisha kasi, akisoma dua zote alizozijua na kuzichanganya, mpaka kisu kikafika ukingoni mwa unyayo wa mwisho.

Sauti ikakoma.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Gundi ndiyo iliyokuwa imekishika kitu kile, na ndiyo iliyokifanya kisikike. Yeye alikuwa amekitengenezea njia safi hadi sebuleni.

"Haya, mchukue mwanao, mikono imenichoka," ilisikika sauti ya bibi kutoka huko. "Lo, mbona una baridi hivyo?"

"Mama! Usimpe!"

Aliteleza kwenye mafuta, akaanguka, akainuka. Alimkuta bibi amenyoosha mikono mitupu.

"Si nimekupa sasa hivi?" bibi akasema.

Kibonge alikuwa ameketi katikati ya sakafu, peke yake, akitabasamu. Chini ya makwapa yake, kila upande, palikuwa na alama nyeusi za vidole virefu.

Jioni hiyo hiyo Bi Sakafu aliwahamishia wote kwa dada yake, wakaacha hata sufuria ya uji jikoni. Huko alimsugua mtoto kwa mafuta na maji ya uvuguvugu, polepole, mpaka alama zote zikatoka na ngozi ikabaki laini. Akalia kwa kushukuru, kisha akaenda kumwaga maji.

"Mdogo wangu, njoo uone!" dada yake akaita. "Njoo haraka!"

Kibonge alikuwa amejishikiza kwenye kiti. Akakiachia. Akasimama wima. Bibi, alipoambiwa, akapiga vigelegele. Bi Sakafu akapiga magoti upande wa pili wa chumba, machozi yakimtoka, akafungua mikono. Sakafu ya dada yake ilikuwa imepigwa deki tangu asubuhi, kavu, safi.

"Njoo, baba. Njoo kwa mama."

Mtoto akamtazama akitabasamu. Akaja kwa ncha za vidole, visigino havigusi chini, na bibi akakatiza vigelegele vyake akatega sikio.

Chwata. Chwata.