Faili Lililoshuka na Jina

Wauza ngamia wa Hargeisa walifungua tovuti ya bei za mifugo, bei wasizione. Faili tu lilishuka kwenye simu zao: matumbo ya programu yakiwa wazi, yale ambayo seva, kompyuta inayoendesha tovuti, huyafanyia kazi kimyakimya ndani ili nje utoke ukurasa.

"Majini ya wenzako hupanda kichwani," Warsame alimtania Geeddi, fundi mwenzake wa tovuti hiyo, shavu limejaa mirungi. "La kwako linashuka kwenye simu."

Geeddi hakucheka. Alirekebisha mipangilio, akaiwasha seva upya, bei zikatoka.

Kesho yake adhuhuri harufu ya ubani ilipenya chini ya mlango wa chumba cha seva, na faili likaanza kushuka tena. Ubani ule alikuwa akiuchoma Idil, fundi mwenzao, aliyefariki mwezi wa nne. Programu nzima aliiandika Idil. Siku ya tatu ya msiba Geeddi alilifuta jina lake juu ya faili, akaweka la kwake, na kwa hilo akapewa ukuu wa ofisi.

Sasa alilifungua faili. Jina la Idil lilikuwa palepale. Akalifuta, akahifadhi, akafungua, akalikuta, na kila alipolifuta, vitufe vya kibodi kwenye meza tupu ya Idil nyuma yake vilibonyezwa kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeandika huku anakutazama kisogoni.

"Warsame," alinong'ona, "nani yuko pale?"

"Usiniulize tena swali hilo, ndugu yangu."

Siku iliyofuata akaletwa sheikh. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Harufu ya ubani ikakatika, bei zikarudi, Geeddi akashusha pumzi.

Jioni akaingia mama yake Idil, muuza maziwa ya ngamia, simu mkononi. Kusoma amejua mwaka huu tu, darasa la watu wazima.

"Mwanangu Geeddi, hili lilishuka kwangu jana. Nimelisoma mwenyewe. Sikiliza kama nakosea."

"Mama, lifute. Limeharibika."

"I-dil. Hili silikosei." Kidole kikateremka. "Ge-e-ddi a-me-ni-fu-ta." Akainua macho. "Na tarehe ni ya jana. Mwanangu nimemzika mwezi wa nne. Nani kaandika?"

 Nyuma yao vitufe vikaanza kubonyezwa, na simu ya mama ikalia mkononi: faili jingine limeshuka.

"Kaa chini," mama akasema. "Mimi nasoma polepole."