Fundi Hupanda Kwanza

Kila neno la hadithi hii ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu ya bandia, ambayo nayo yanahusika kidogo, maana yalitengenezwa katika kliniki iliyoko ghorofa ya sita ya jengo moja refu lenye lifti moja korofi. Anayepokea wagonjwa pale ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Baba yake alifariki binti akiwa na miaka minne, na siku ya kwanza ya shule mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu.

Asubuhi hiyo lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano ikiwa na watu ishirini na wawili. Haya, kumi na mmoja. Mpwa wangu alivaa gauni la kijani lenye mkanda mweupe, na kisigino cha bwana mmoja mnene kilikuwa juu ya kidole chake. Watu wakaanza kuomba, kila mmoja kwa sauti yake. Ndipo sauti ya kiume ikashuka kutoka juu ya dari.

"Endeleeni kuomba, ndugu zangu, ila msirukeruke. Mnanitikisia kazi."

"Wewe nani?" akauliza mpwa wangu.

"Fundi lifti. Na wewe mwenye sauti ya redio, unashuka ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita. Na sauti yangu haikuhusu."

"Inanihusu. Ndiyo pekee humo ndani ambayo hailii."

Mlango ulipofunguliwa wakatoka, wakamwona: mrefu, mwembamba, ovaroli ya buluu, doa la grisi kwenye nyusi, ananukia mafuta ya mashine na sabuni. Hakuna aliyetaka kurudi ndani. Yeye akaingia peke yake, akapanda mpaka juu kabisa, akashuka mpaka chini, akarudi.

"Fundi hupanda kwanza," akamwambia mpwa wangu. "Ndiyo sheria yetu. Nikisema ni salama, roho ya kwanza kuwekwa humu ni yangu."

Akapanda naye. Wengine wakapanda kwa ngazi.

Baada ya wiki moja simu zilikuwa hazikauki.

"Ghorofa ya Sita, umekula?"

"Nimekula, Fundi wangu. Uko wapi?"

"Nimening'inia kwenye kamba, nakuwaza."

"Shuka kwanza, ndipo uniwaze."

Miezi saba ikaenda hivyo. Siku moja wamekaa kwenye benchi nje ya jengo, mpwa wangu akaanza kupanga rangi za harusi, nani ataimba, mchungaji yupi atafungisha. Fundi akasema, "Kuna jambo sijakuficha, ila hujaniuliza."

"Una mke."

"Sina mke. Sina Mungu."

Binti akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akajivuta pembeni kidogo. "Sasa unamwabudu nani? Shetani?"

"Huyo naye simwamini. Nimkatae mmoja nimchukue mwingine wa nini?"

"Kuna kitu kilikuumiza, ukamkasirikia."

"Nitamkasirikiaje ambaye siamini kama yupo? Sina kidonda, mpenzi. Nilijiuliza maswali, majibu hayakunitosha, basi."

"Na wenzako wote ndivyo walivyo?"

"Wenzangu gani? Hatuna mkutano wala sare. Pale karakana tupo watatu na hatuelewani. Bosi wangu anabishana na kila mchungaji anayepita, mpaka mimi ananichosha. Mama wa stoo haamini Mungu, lakini mpe boksi namba kumi na tatu, namba ya nuksi, uone atakavyolitupa. Mimi nampeleka mama yangu kanisani kila Jumapili, namsubiri nje, namrudisha."

Kivuli cha jengo kikawafikia, mpwa wangu akauliza, "Siku ya ndoa utaniapia kwa nini?"

"Kwa neno langu. Sina kingine."

Binti alilia siku mbili. Siku ya tatu akampigia yeye kwanza.

Jumapili aliyoletwa nyumbani kwa dada yangu, Fundi alivaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikono ikasimama yenyewe. Jana yake binti alikuwa amemsihi kwenye simu, "Wakikuomba uombe, sema maneno mawili, malizia na amina. Nani atajua?" Fundi akajibu, "Wewe utajua."

Chakula kikaandaliwa. Dada yangu akasema, "Mwanangu, kwetu mgeni ndiye huombea chakula."

Fundi akaweka mikono magotini. "Mama, mkiomba nitainamisha kichwa kwa heshima yenu. Lakini nikiomba mimi nitakuwa nawadanganya mezani kwenu."

"Huamini?"

"Siamini, mama."

Dada akaacha kijiko. "Basi kitu gani kitakuzuia kumpiga mwanangu? Kumwacha na watoto?"

"Mama, kesho ukiambiwa hakuna anayekuona, wewe utampiga?"

Dada akabanwa, na aliyebanwa hutafuta ndugu. Akanigeukia mimi. "Kaka, wewe ndiye baba yake. Ukisema ndiyo, nitameza. Ukisema hapana, yameisha."

Mpwa wangu akanitazama. Fundi naye akanitazama, mara moja tu, kisha akaangalia sahani yake. Nikafuta mdomo.

"Mtu asiyeamini," nikasema, "hujui utamshika wapi."

Fundi akasimama, akashukuru kwa chakula ambacho hakukigusa, akaondoka. Yeye na mpwa wangu walizungumza mara moja tu baada ya hapo.

"Ungesema tu amina, Fundi."

"Leo ningesema amina. Kesho ungejuaje neno langu lipi ni la kweli?"

"Siwezi kuolewa mjomba akikataa. Ndiye aliyenilea."

"Najua. Wala simlaumu. Umekula, Ghorofa ya Sita?"

"Sijala."

"Kula, mpenzi."

Akakata. Mwezi huohuo aliomba uhamisho kwenda mji mwingine.

Hapa niliandika kurasa mbili tamu sana: mwaka umepita, lifti imekwama tena, sauti inashuka kutoka juu ya dari, pete inapitishwa kwenye tundu la feni. Nilizipenda kurasa hizo. Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja kunisalimu, akazikuta mezani, akasoma zote, akachukua kalamu na kuzikata mstari.

"Amehamia mbali, Mjomba. Ana mke. Mtoto wao ana miezi mitatu."

"Ni hadithi tu, mama."

"Umeapa ni kweli." Akarudi ukurasa wa nyuma, akaweka kidole. "Na hapa umeandika kwamba alikutazama. Kwa nini wewe?"

Nimewadanganya watu miaka mingi bila kukwama. Siku hiyo nilikwama.

Nikamweleza. Wiki moja kabla ya kile chakula, Fundi alikuja kwangu kuniomba nimsemee. Nami nikamwambia siri ambayo sijawahi kumwambia mtu: mimi, mwimba besi wa kwaya ya kanisa kwa miaka thelathini na minane, siamini. Naimba kwa sababu nyimbo ni nzuri na watu wale ni wangu. Nikamwahidi nitamtetea. Pale mezani nikaona aibu, nikaona kiti changu kwenye kwaya, nikamtosa. Neno moja la kunitaja lingemwokoa. Hakulisema.

Mpwa wangu hakulia. Akasema, "Jumapili utasema mezani kwa mama. Kiti kilekile."

Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si ya besi hata kidogo. Dada yangu alinitazama. Aliuliza kama ni tangu zamani, nikasema tangu zamani. Aliuliza kama hata nilipokuwa nikimlea huyu mtoto, nikasema hata wakati huo. Kisha akavuta sahani yangu, akanipakulia kama alivyonipakulia maisha yake yote.

"Kula, kaka. Kinapoa."

Mpwa wangu alikuwa akimwangalia mama yake mikono, kijiko baada ya kijiko.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema.

Akachukua mkoba wake, akatoka. Sisi wawili tukabaki na chakula cha watu watatu.