Kisu Kisichogawanywa

Mara ya kwanza Elphas alidhani ni yeye mwenyewe aliyesahau. Alikiacha kisu mezani kikiwa kimekunjwa, akatoka kunawa uso, na aliporudi kumenya viazi alikikuta wazi, ncha yake ikielekea kitandani alikolala mkewe, Adero, mwenye mimba ya miezi minane.

"Umeguza kisu?" akamwuliza.

"Niguze na nini? Hata kugeuka ni shida," Adero akajibu, blanketi usoni.

Elphas akacheka, akakikunja, akakining'iniza mfukoni na kwenda zake kazini.

Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Noonkopir, Kitengela, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu cha zamani akakiacha kilivyo. Jiko la makaa la mkewe alilitia magurudumu, likawa linakimbia kila akisonga ugali. Mwaka huo wa 2004 alikuwa amewehuka na visu vya kukunja. Alichukua visu vya wazee, vile vizito vinavyotaka ukucha na mikono miwili ndipo vifunguke, akavitia kijipini cha kusukuma kwa kidole gumba, komeo la kuzuia bapa lisirudi likakate vidole, na klipu ya kukishikilia mfukoni kutwa nzima. Wauza nyama walivipenda sana. Hata madereva wa malori ya mchanga walimtafuta.

Kile cha mezani kilikuwa cha baba yake. Mzee Obura alikaa nacho tangu ujana wake. Alikatia kamba za mkonge, alimenyea machungwa, alipunguzia kucha, huku akinusa tumbaku yake. Alipokufa, Elphas alisafiri Siaya kuzika, ila bosi alikuwa amempa ruhusa ya siku chache tu, na kwao mazishi hayaishii kaburini. Baadaye ukoo hukaa chini, vyuma vya marehemu vikaletwa mbele ya watu, jembe, panga, kisu, na kila kimoja kikapewa mtu wake. Wajaluo huita keyo nyinyo. Kabla ya hapo hakuna anayechukua kitu, kwa kuwa mwenye mali bado ni yule aliyelala chini. Elphas aliyajua hayo tangu akiwa mtoto. Lakini basi la asubuhi lilikuwa linanguruma barabarani, naye akakiona kisu kwenye kizingiti cha dirisha, akakitia mfukoni.

"Mimi ndiye fundi," alimwambia Adero alipofika. "Nani mwingine angekijulia?"

Huko karakana akaung'oa mpini wa pembe ya ng'ombe, uliosuguliwa na kiganja cha mzee hadi ukang'aa, akaweka wa alumini. Springi akailegeza. Bapa akalipiga msasa hadi likawa kama kioo. Ilikuwa kazi safi, tusimnyime haki yake. Kisu kilichokuwa kikitaka nguvu za mwanamume sasa kilifunguka kwa kuguswa tu, na mjinga yule akazunguka nacho Noonkopir nzima akiwaonyesha watu.

Baada ya asubuhi ile, kilianza kufunguka hata kabla ya kuguswa.

Adero alikisikia kabatini akipiga pasi: tak. Akafungua kabati, na humo mkatoka harufu ya tumbaku ya kunusa, nzito na kali, katika nyumba ambayo hapakuwa na mtu wa tumbaku. Elphas akakaza skrubu. Kesho yake kilifunguka akiwa amekishika. Akabadilisha springi, akakifunga kwa waya, na waya akaukuta sakafuni umekatwa vipande vinavyotoshana. Adero akamwomba akitupe. Akasema atakitengeneza.

Kisha Soila, mama Mmaasai aliyewaletea maziwa, akasimama mlangoni mchana, jua likiwaka.

"Baba yako alikuja lini?" akamwuliza Elphas.

"Baba gani, mama?"

"Si huyo mzee ameketi kwa kigoda huko nyuma. Anakata kucha na hiyo kisu yako. Nimemsalimu *sopa*, amekataa kuitika." Akashusha sauti. "Nikadhani amekuja kungoja mtoto. Anaangalia tu hiyo dirisha ya mama."

Elphas akazunguka nyumba mbio. Kigoda kilikuwepo, na kisu kilikuwa juu yake, wazi, nacho alikuwa amekiacha karakana, ndani ya sanduku la vifaa, kufuli juu. Aliogopa jamani, usimwone fundi. Aliingia ndani kumtafuta mkewe, akamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku la nguo za mtoto, anatoa kitu kimoja baada ya kingine, shali, kofia, soksi, vyote vimechanwa nyuzi nyembamba ndefu zilizonyooka, upana mmoja, kama zile kamba za mkonge ambazo Mzee Obura alikuwa akizikata akiwa ameketi kivulini na kuzipanga juu ya paja lake bila kuzitazama, na harufu ya tumbaku ilikuwa ikipanda kutoka ndani ya shali lenyewe, na Adero alikuwa ameshika tumbo lake kwa mkono wa pili, kwa sababu mtoto alikuwa amegeuka ghafla, kwa nguvu, kana kwamba ameitwa na mtu.

"Elphas," akanong'ona. "Huyu si jini wa Kitengela. Huyu umekuja naye kutoka kwenu."

Mchungaji aliitwa. Mtu wa Mungu alikemea hadi shati likamlowa, akapaka mafuta milango yote, na alipotamka amina kisu kikafunguka mfukoni mwa Elphas na kumchana paja. Mchungaji aliitazama damu ile, akaokota Biblia yake.

"Ndugu, kuna deni huko kwenu," alisema taratibu. "Nenda ulimalize. Mimi nitaendelea kuomba nikiwa kwangu."

Elphas akapanda basi la Siaya bila ruhusa ya bosi. Kaka yake mkubwa, Ojwang', hakumpigia kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliwaita watu wa ukoo, mbuzi akachinjwa, jembe na panga na kisu vikawekwa juu ya ngozi mbele ya nyumba ya marehemu, upya. Kisu kikaangukia kwa Ojwang', kifungua mimba. Akakigeuzageuza mkononi, akakisukuma kwa kidole gumba. Hakikufunguka. Akasukuma tena, uso umemkunjamana. Kilikuwa kigumu kama zamani.

Watu wakashusha pumzi. Mama mmoja akaanza wimbo. Elphas alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Lakini Ojwang' alikuwa bado anapapasa alumini.

"Pembe iko wapi?"

"Niliitupa. Nafikiri ilichomwa na takataka."

"Miaka yote hiyo baba alikuwa anashika pembe, Elphas. Chuma kilikuwa cha kukata tu." Akakirudisha kisu juu ya ngozi, polepole. "Chuma umerudisha, nashukuru. Sasa yeye mkono wake ataweka wapi?"

Elphas aliinama, akachukua mfuko wake. Akarudi Kitengela, na nyumba ilikuwa kimya. Hakuna tak, hakuna tumbaku. Adero akashona nguo nyingine, akaanza kula vizuri, hata akamtania juu ya jiko lake la magurudumu. Akamwekea sharti moja tu: mtoto akiwa mvulana, jina la yule mzee lisitamkwe ndani ya nyumba hii.

Alikuwa mvulana. Alizaliwa salama, mzito, na tangu kufika nyumbani hakunyamaza. Alilia akinyonyeshwa, alilia akiogeshwa, alilia hadi sauti ikawa ya kukwaruza, na daktari wa zahanati akasema hana kasoro yoyote. Kwao, mtoto akilia hivyo, huitiwa majina ya waliokufa mmoja mmoja, na yule anayetaka kurudi humnyamazisha. Elphas alilijua na Adero alilijua, na hakuna aliyelisema.

Alasiri moja Adero akatoka kuanua nguo. Mtoto alikuwa mikononi mwa baba yake, midomo imeanza kuwa ya samawati kwa kulia. Elphas akamwita kwa jina la nyanya yake. Akamwita kwa jina la mjomba aliyekufa maji, la shangazi, la kila marehemu aliyemkumbuka, huku akimbembeleza na kutembea, na kilio kikazidi hadi akaona mtoto atamfia mkononi, ndipo akainama sikioni mwake na kusema, kwa sauti ndogo kabisa, "Obura."

Kukawa kimya. Mtoto akafumbua macho. Akanyoosha mkono, akatafuta, akakipata kidole gumba cha baba yake na kukishika kwa nguvu.

Elphas alipoinua kichwa, Adero alikuwa mlangoni, nguo mabegani.

"Umemwitaje?"

"Angekufa, Adero."

Alijaribu kumpa mtoto. Adero akarudi nyuma hatua moja, mikono imefunika maziwa yake yaliyokuwa yameanza kulowesha blauzi.

"Mshike wewe," akasema. "Huyo ni baba yako."