Simu Itakayoelewa Kisukuma

Tangu tumalize mtihani wa darasa la saba, siku zangu zilikuwa zinafanana tu. Mama anatoka alfajiri kwenda soko la Mwaloni kuuza dagaa, mimi nafagia uwanja, nachota maji, naosha vyombo, na saa tatu asubuhi nimeshamaliza kila kitu. Halafu nini? Hakuna. Rafiki yangu Obedi alipelekwa Nyegezi kwa shangazi yake, kusoma masomo ya kujiandaa na sekondari. Hapa Igoma watu wamejaa, ila wa kuongea na mimi hakuwepo.

Basi nikawa naenda kusimama nje ya duka la simu la Bwana Zeeshan. Pale dirishani kuna televisheni inayoonyesha habari za simu tu, na wakati ule habari ilikuwa moja: Zamda Nane, simu itakayozinduliwa Jumatano. Betri elfu saba. Chaji inajaa kwa dakika kumi na tisa. Kamera ya megapikseli mia mbili. Kioo ukikidondosha kwenye zege kinakutazama tu. Hakuna aliyekuwa ameishika, na mtangazaji kila sentensi alianza na "inatarajiwa". Mimi nikakariri vyote, kasoro hilo neno.

Wa kumsimulia nilimpata jirani, Bibi Wilhelmina. Anaishi peke yake, mwanawe Pius anafanya kazi Bukoba. Nilipokuwa naongea, Bibi alikuwa anaacha kuchambua choroko na kunitazama usoni. Tangu shule iishe, hakuna mtu aliyenitazama hivyo. Nikawa naenda kila siku.

Siku moja sifa za simu zikaniishia. Nikaona macho ya Bibi yanarudi kwenye choroko. Sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Halafu Bibi, itakuwa inaelewa Kisukuma. Unaiambia nipigie Pius, yenyewe inapiga."

Itakuwa. Ujue, mtu akibisha hodi tunasema itakuwa ni mjumbe, maana yake tunabahatisha. Lakini pia tunasema sherehe itakuwa Jumapili, na watu wanaanza kupika. Mimi nilibahatisha. Bibi akapika.

Bibi hajui kusoma. Pius alikuwa anataka kumtumia simu ya kioo, ili Jumapili aone kwa video ubatizo wa mjukuu aliyepewa jina la Bibi. Bibi alikuwa anaiogopa kwa sababu ya herufi. Sasa akampigia Pius kwa simu yake ndogo ya vitufe, akamwambia asitume chochote, kuna simu nyingine inakuja. Aliponisimulia hayo, alikuwa anatabasamu. Nilitakiwa kusema ukweli palepale. Nikacheka kidogo, nikaaga.

Jumatano nilikuwa dirishani mapema. Simu ikazinduliwa. Nikamuuliza Bwana Zeeshan kama Kisukuma kimo. Akapitisha kidole kwenye orodha ya lugha mpaka chini.

"Hakimo, kijana. Nani kakwambia kimo?"

Nikaondoka. Alhamisi sikwenda kwa Bibi. Nilijifungia ndani, nikamsikia akiniita mara mbili kutoka uani kwake. Zamani nilikuwa sina mtu, sasa nilikuwa naye mmoja na nilikuwa namkimbia. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Na Jumapili ilikuwa inakuja.

Ijumaa asubuhi nikaenda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nilidhani umehamia humo ndani ya simu."

"Bibi, ile simu haijui Kisukuma. Ni mimi tu nilisema."

Akaweka ungo chini. "Ulisema itakuwa."

"Ilikuwa itakuwa ya kubahatisha."

"Mimi nilisikia itakuwa ya kweli."

Akauchukua tena ungo wake. Niliona ni afadhali angenichapa. Nikamwomba simu yake, nikampigia Pius mwenyewe na kumweleza kila kitu, pamoja na ile sehemu yangu. Alinigombeza mpaka sikio likawaka moto. Mwishowe akasema meli ya kuja huku inaondoka Bukoba jioni ileile, atampa simu mfanyakazi mmoja wa meli.

Jumamosi tukaipokea bandarini. Haikuwa Zamda, ilikuwa simu ya kawaida. Nilimwonyesha Bibi abonyeze picha ya Pius, halafu ashikilie alama ya kipaza sauti na kuongea. Akaisogeza mdomoni kama kikombe cha chai moto, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Baada ya muda kidogo sauti ya Pius ikatoka: "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Bibi akaigeuza, akaiangalia nyuma, kisha akaniomba tuisikilize tena.

Jumapili tulikaa kwenye mkeka mmoja, tukamwona mtoto akilia maji yalipomgusa kichwani. Bibi alicheka huku anafuta machozi. Picha ilipokatika, akaiweka simu mkekani.

"Luhende," akasema. "Ukiona, sema nimeona. Ukisikia, sema nimesikia. Ukibahatisha, sema nabahatisha. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kumwacha mtu asubiri kitu ambacho wewe mwenyewe unajua hakipo."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe. Na wewe hukuwa unakuja hapa kwa ajili ya simu. Ulikuwa unatafuta mtu wa kukaa naye. Hilo nalo ungelisema hivyohivyo lilivyo, ningekuelewa. Hata mimi nilikuwa namtafuta mtu huyo."